Programu, redio, jukwaa au mtu: utazipataje nyimbo mpya za bendi zinazojitegemea Dar?

Jioni moja nilikuwa kwenye daladala la Mbagala, foleni ya Mtoni imelala, abiria wote kimya kwa joto. Spika ya nyuma ikaanza kutoa wimbo ambao sijawahi kuusikia. Gitaa la solo jembamba, ngoma za mkono badala ya dramu, na mwanamke anaimba habari za mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikamgeukia konda.

"Kaka, huu wimbo wa nani?"

"Sijui dada. Flashi ya dereva hiyo."

Dereva naye alirushiwa tu kwenye kibanda pale Rangi Tatu. Redio ya gari ilikuwa inaonyesha "Track 07" na hakuna kingine. Nikawasha Shazam, ikazunguka weee, ikasema haijapata kitu. Nikarekodi sekunde ishirini kwa simu, nikashuka.

Nauleta mkasa huo kwa sababu unagusa njia zote nne ambazo watu wa Dar tunazitumia kuzifikia nyimbo za bendi changa: programu za simu, redio, jukwaa la laivu, na mtu mwingine. Watu huniuliza ipi nzuri, na kila mmoja anataka jina moja. Mimi naziweka zote nne kwenye mizani ileile ya maswali manne: nani amekuchagulia kabla wimbo haujakufikia, njia inakula nini kwako, unachosikia ni kitu gani hasa, na bendi yenyewe inaambulia nini.

Kwanza tukubaliane neno. Ninaposema bendi inayojitegemea namaanisha isiyo na tajiri wala taasisi nyuma yake. Hapa Dar hilo halikuwa jambo la kawaida. NUTA Jazz, ambayo leo tunaijua kama Msondo Ngoma, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. UDA Jazz ilikuwa ya shirika la mabasi, Bima Lee ya shirika la bima, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Bendi changa ya leo inakodi spika kwa siku, inafanyia mazoezi kwenye sebule ya mtu, na mpiga besi anaweza kuwa fundi simu Kariakoo mchana. Usishangae basi nyimbo zake zikikufikia zimechelewa, hazina jina, au zimerekodiwa kwa simu.

Nani amekuchagulia

Kwa miaka mingi chekeche lilikuwa moja. Bendi ikitaka kurekodi mara nyingi ilienda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na redio hiyohiyo ndiyo iliyorusha. Radio One ilipokuja mwaka 1994, na stesheni nyingine nyuma yake, machekeche yakaongezeka. Sasa yamejaa kila kona, na kila moja lina matundu ya ukubwa wake.

Kwenye programu anayechekecha ni mashine, ikisaidiwa na wahariri wachache wanaopanga orodha. Mashine haijui muziki, inajua watu: waliosikiliza wimbo huu, walisikiliza na upi mwingine? Swali hilo linafanya kazi vizuri sana kwa msanii mwenye wasikilizaji laki moja. Bendi yenye wasikilizaji arobaini, na ishirini kati yao ni ndugu na majirani, mashine haijui iiketishe meza gani. Ndiyo maana unaweza kukaa na Spotify, ambayo imefika Tanzania mwaka 2021, ukapewa nyimbo 30 kila Jumatatu na zote zikawa za watu unaowafahamu tayari.

Programu zenyewe hazifanani. Spotify inataka bendi ipitie kwa msambazaji. Audiomack na YouTube zinamruhusu mtu yeyote apandishe wimbo wake mwenyewe bila kulipa, kwa hiyo kazi changa hutua huko mapema, pamoja na takataka nyingi. Boomplay ina nguvu yake hapa kwetu kwa sababu ilikuja ndani ya simu za Tecno na ndugu zake, watu wakaizoea bila kuichagua. Ukitumia programu yoyote kati ya hizi, usisubiri ikupendekezee. Andika jina la ala au la mtindo kwenye sehemu ya kutafuta: zeze, marimba, babatone, mchiriku. Halafu panga matokeo kwa yaliyopandishwa karibuni, kama programu inaruhusu. Utapitia nyimbo kumi mbovu, ya kumi na moja itakusimamisha.

Kwenye redio anayechekecha ni mtangazaji na mkuu wake wa vipindi. Uzuri wa redio ni kwamba inakulazimisha kusikia usichokiomba. Singeli ilivuka kutoka uswahilini hadi sebule za Mbezi kwa kiasi kikubwa kwa sababu EFM iliipigia bila aibu wakati wengine wanaiita kelele. Lakini nafasi ni chache, na minong'ono ya kwamba wimbo hauchezwi bila mkono kupozwa ni ya siku nyingi. Bendi ya watu saba inayogawana nauli haina cha kupoza mkono wa mtu.

Jukwaani amechekecha mwandaaji. Nafasi Art Space kule Mikocheni, Alliance Française na Goethe-Institut kule Upanga, hizi ni sehemu ambazo bendi isiyo na jina inaweza kupewa dakika arobaini na spika nzima. Wana ladha yao, nawaambia kabisa: wanapenda ala za asili zilizochanganywa na kitu, na wanapenda majaribio. Bendi changa ya dansi la kawaida, ya gitaa tatu na matarumbeta, itakutana nawe zaidi kwenye baa za Kinondoni na Mwananyamala, ambako anayechagua ni mwenye baa na kigezo chake ni mauzo ya bia.

Na mtu? Mtu ni sikio moja. Anaweza kuwa kijana wa kibanda anayerusha nyimbo kwenye flashi, dereva wa bodaboda, au shemeji yako kwenye kundi la WhatsApp. Mnaodharau njia hii kumbukeni kwamba muziki mkubwa kabisa uliozaliwa Dar miaka hii ulipita hapo. Singeli ilisambaa Manzese, Tandale na Mburahati kwa vigodoro na flashi kabla redio haijajua iiite nini. Muziki wa studio ya Sisso ya Mburahati ulitolewa kwenye albamu na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, Ulaya wakaanza kuirukia, wakati watu wa Masaki walikuwa bado wanaulizana ni nini hicho.

Inakula nini kwako

Programu inakula bando, na hapa wengi hawapigi hesabu. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde inakula kama MB 43 kwa saa. Ya kilobiti 320, ile inayoitwa ubora wa juu kabisa, inakula MB 144 kwa saa hiyohiyo. Kwa spika ya simu ndani ya daladala hutasikia tofauti, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ushushe. Video ni balaa jingine, usisikilizie muziki YouTube huku skrini ikikuonyesha picha usiyoitazama. Ukipata Wi-Fi ya ofisini, pakua za wiki nzima. Audiomack inakuachia baadhi bila kulipia.

Redio haikuli kitu. Earphone za waya tu, maana kwenye simu nyingi waya ndio antena. Inachokula ni subira: unaweza kusikiliza saa tatu upate bendi moja mpya, na mtangazaji asitaje jina.

Mtu anakula muda wa kupiga soga, na jero au buku kama ni wa kibanda.

Jukwaa ndilo ghali, na ghali yake haiko mlangoni. Kiingilio mara nyingi si kikubwa, shughuli nyingine ni bure kabisa. Shida ni usiku. Tangazo linasema saa moja, vyombo vinaanza kujaribiwa saa mbili, bendi unayoitaka inapanda saa nne. Ukitoka hapo Mikocheni na unakaa Gongo la Mboto, daladala za kuunganisha hazipo, na bajaji ya usiku inaweza kukutoza zaidi ya kiingilio na soda zako zote. Mimi kama mwanamke siendi peke yangu bila kupanga na dereva ninayemjua tangu mchana. Wanaoandika kwamba muziki wa laivu ni wa kila mtu mara nyingi wana gari.

Unachosikia ni kitu gani

Wimbo wa kwenye programu ni wimbo uliomalizwa. Umepangwa, umesafishwa, sauti iliyopinda imenyooshwa. Ni raha kuusikiliza, lakini haukuambii kama kuna bendi au kuna kompyuta na kijana mmoja. Kwangu hilo lina maana kwa sababu nikisema bendi nataka watu wanaosikilizana. Kama kwako wimbo mzuri ni wimbo mzuri tu, programu imekutosheleza kabisa.

Redio mara chache inakupa wimbo mzima. Mtangazaji anaongea juu ya kibwagizo, tangazo linaingia, biti inakatwa. Ila ikileta bendi studio wapige hapohapo, na huwa inatokea, unapata kitu ambacho programu haina.

Jukwaani kuna mtego ambao mgeni haujui. Bendi nyingi za hotelini na za baa zinalipwa kupiga kopi: zilipendwa kidogo, rumba la Kongo, bongo fleva ya wiki hii. Unaweza kukaa nao usiku mzima usisikie wimbo wao hata mmoja, ukarudi nyumbani unasema hawana kitu. Wanacho. Nenda mapema, wakati wateja hawajajaa, au msubiri muda wa mapumziko umwendee kiongozi wa bendi kwa adabu: "Kaka, mna wa kwenu?" Nimeuliza swali hilo mara nyingi na sijawahi kuona uso usiochangamka.

Siku moja, kwenye ua mmoja wa Mwananyamala, waya wa gitaa la solo ulikatika katikati ya wimbo wao. Hakuna wa akiba. Mpiga rizimu akamwangalia mwenzake, akapanda juu kwenye shingo ya gitaa lake na kuubeba wimbo peke yake, mwimbaji akaanza kusimulia habari za mama yake sokoni ili kuziba pengo, dramu ikateremka hadi ikawa kama mvua ya mbali. Solo alirudi na waya wa kuazima baada ya kama dakika nne. Wimbo ulikuwa umegeuka mwingine, na naambiwa mpaka leo wanaupiga hivyo. Kitu hicho hakiko kwenye faili lolote.

Anayetaka dozi kubwa kwa mkupuo apande boti kwenda Unguja mwezi wa pili. Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe tangu 2004, inashikilia kwamba wanaopanda jukwaani wapige laivu, na bendi changa za Bara na Visiwani hupangwa usiku mmoja na majina makubwa. Bagamoyo, kama kilomita 70 kutoka mjini, kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa na tamasha lake la kila mwaka. Wengi wanaopiga zeze na ilimba kwenye bendi za Dar wamepita hapo kusoma.

Kwa njia ya mtu unasikia chochote. Sauti inaweza kuwa imekandamizwa mara tano, kuna jina la tovuti linapigwa kelele katikati ya ubeti, na faili linaitwa "Track 07". Singeli imejitibu ugonjwa huo kwa akili: jina la studio, la DJ na la MC yanatajwa ndani ya wimbo wenyewe, tena mara kwa mara, kwa hiyo hata ukikatwa vipande utajua umetoka wapi. Bendi za gitaa bado hazijajifunza, na zinaumia.

Wao wanaambulia nini

Kwa anayesikiliza kujifurahisha, sehemu hii iruke. Ila wengi wanaotafuta bendi changa wanataka pia ziwepo mwakani.

Usikilizaji mmoja wa kwenye programu ni senti za senti. Spotify tangu 2024 hailipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12, na bendi tunazozizungumzia nyingi ziko chini ya hapo. Faida yao huko ni ushahidi: mwandaaji akiuliza "mko wapi mtandaoni?" wanakuwa na cha kutuma. Bandcamp ni tofauti, kule unanunua wimbo au albamu, wao wanakata asilimia 15 kwenye mauzo ya dijitali, na kuna Ijumaa maalumu walizozianza Machi 2020 ambazo hawakati mgao wao. Tatizo ni kwamba inataka kadi au PayPal, M-Pesa haiingii moja kwa moja, na bendi za Dar zilizoko huko ni chache.

Redio inatakiwa kulipa mirabaha, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 iko wazi. Ni lazima kwanza bendi iwe imesajili kazi zake, na wengi wanakumbuka usajili baada ya wimbo kupigwa.

Jukwaani pesa inaonekana kwa macho. Kuna malipo ya mwandaaji, kuna sehemu ya mlango, na kuna kutunza. Ukiguswa unainuka, unambandikia mwimbaji noti kwenye paji la uso, unarudi kukaa. Buku mbili yako ya pale inaweza kuwa kubwa kuliko mwaka mzima wa kuwasikiliza kwenye simu. Siku hizi wengine wanaandika namba ya kutumia pesa kwenye kava la dramu, na sioni aibu yoyote.

Flashi ya kibanda haiwapi kitu. Inawapa kujulikana, watu husema, na ni kweli kidogo. Lakini mimi ule wimbo wa Mbagala ulinifikia bila jina, kwa hiyo hata kujulikana kulikwama.

Sasa uchague vipi

Kama bando lako ni la kuungaunga na unatoka kazini saa mbili usiku umechoka, kaa na redio njiani, halafu chagua usiku mmoja kwa wiki wa Wi-Fi ya mtu upakue. Usijilaumu kwamba huendi kwenye matamasha.

Kama una simu nzuri na unapenda kuchimba mwenyewe, Audiomack na YouTube zitakupa vya mwanzo kabisa, Boomplay na Spotify zitakupa vilivyokwisha kupikwa. Spotify ina msaada mkubwa ukishapata bendi moja, kwa sababu utafuata waliowashirikisha na prodyuza wao. Kuipata hiyo ya kwanza ndiko kugumu.

Kama unataka singeli au chochote cha mtaani kabla hakijafika mjini, hakuna programu itakayomzidi kijana wa kibanda cha Tandale au Mbagala. Mwambie akuandikie majina kwenye karatasi, hata kwa buku ya ziada.

Kama una ndoa changa, watoto wadogo, au huna usafiri wa usiku, tafuta shughuli za mchana na za jioni mapema kwenye vituo vya utamaduni badala ya baa. Watoto wanaruhusiwa kwenye nyingi kati ya hizo, na utarudi kabla ya saa tatu.

Kama unataka pesa yako ifike kwa mpiga gitaa, nenda jukwaani na noti ndogondogo mfukoni. Kama uko Mwanza, Muscat au London, Bandcamp pale bendi ilipo, na pale haipo, waandikie kwenye ukurasa wao uwaulize namba.

Na kama unatafuta wimbo mmoja usio na jina, changanya. Zile sekunde zangu ishirini nilizitupa kwenye kundi la WhatsApp la watu tunaopenda gitaa. Siku ya tatu mtu mmoja akajibu kwamba hiyo sauti ya mwanamke anaifahamu, alimsikia Mikocheni akiwa anaimba nyuma ya mwingine. Nikaenda. Walikuwa watano, na wimbo wa kodi ulikuwa wa tatu. Nilipomwambia kwamba nimeusikia kwenye daladala aliangua kicheko, akamwita mpiga ngoma: walikuwa hawajauachia. Ile ya kwenye flashi ilikuwa ya mazoezini, binamu ya mpiga ngoma aliirekodi kwa simu, sebuleni, siku umeme ulipokatika na wakaamua kuweka dramu pembeni.